Asumini za khalati zilizogoma kutoa tumba: kisa cha Langoni

Nyumba iko Langoni ndani ndani, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), ya mawe, ghorofa mbili, juu nusu imeezekwa makuti na nusu ni sakafu wazi inayopigwa na jua tangu asubuhi. Mwenyewe ni bi mkubwa ambaye mtaa mzima twamwita khalati, kazi yake tangu ujana ni kutunga vikuba (vifungu vya maua vya kuvaa) na mashada ya asumini, msimu wa harusi ukiingia hata watu wa Shela na Matondoni wanamtumia meseji. Bustani yake ndo hiyo ya juu: vyungu 14 vya asumini, mrihani kwenye madebe ya rangi, waridi mbili za kisasa alizoletewa kutoka Nairobi, na chini kwa kiwanda, yaani uwanja wa nyumba, asumini mbili za zamani zilizopandwa ardhini na mamake. Naandika kwa urefu manake shida hii naikuta nyumba baada ya nyumba hapa Amu na jibu wanalopewa watu ni lile lile, nunua dawa, wakati dawa hapa ilikuwa kitu cha mwisho kuhitajika.

Malalamiko alivoyaeleza ni hivi. Upepo wa kaskazi wa kiangazi ulipokaza majani mapya yakaanza kutoka ya manjano, halafu ncha za majani makubwa zikakauka rangi ya kahawia, na tumba zinadondoka zikiwa bado kijani hazijafika hata nusu. Zamani alasiri alikuwa anajaza ungo, sasa anachuma kisahani, na hizo za kisahani nyingi hazifunguki magharibi ikifika. Kikuba hakitungwi kwa tumba zilizolegea, zatakiwa nene nyeupe ambazo bado zimefumba, zije kufunguka zikiwa zimeshavaliwa. Kwa hivo hii kwake sio habari ya mapambo, ni mapato.

Mpaka naitwa alikuwa ameshajaribu mambo. Jirani alimwambia ni kijicho, akasomewa. Duka moja la dawa za kilimo likamuuzia mbolea ya CAN, busta ya kupulizia majani na chupa ya dawa ya wadudu, vyote kwa mpigo mmoja na hakuna aliyeuliza hata mti wenyewe unanyeshewa nini. Kusomewa hakujadhuru mti. CAN imedhuru, nitafika huko.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni majani yepi yameanza kuumwa, manake hapo ndo siri nyingi ziko na haihitaji mashine. Naitrojeni mti unaweza kuihamisha, ikipungua unaitoa kwenye majani ya zamani unapelekea machanga, kwa hivo njaa ya naitrojeni utaiona chini, jani la zamani linakuwa manjano lote. Madini ya chuma hayahami hivo. Chuma kikikosekana wanaoumia ni majani machanga ya juu, na yanakuwa manjano katikati huku mishipa imebaki kijani, ukilinyanyua jani ukaliangalia dhidi ya jua waona mistari ya kijani imechorwa wazi wazi hata ile midogo. Za khalati zilikuwa hivo hivo, na vile vyungu vilivyopangwa karibu na ukuta ndo vimezidi, machanga yake yamekaribia kuwa meupe. Zile ncha kavu ni hadithi nyingine, zile zilikuwa kwenye majani ya zamani, zinaanza nchani halafu zafuata ukingo zikiingia ndani, na hiyo mara nyingi ni munyu, yaani chumvi. Yaani mti mmoja una maradhi mawili, moja limekaa juu na moja limekaa chini, na kila mtu aliyeuona alikuwa anaangalia moja tu.

Wadudu walikuwepo, sikatai. Nilipindua majani nikavuta kwa kamera ya simu, vyungu viwili vilikuwa na wale weupe wenye manyoya ya pamba na sisimizi wanapanda kuwachunga. Tukawafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, yakaisha. Vyungu 12 havikuwa na mdudu hata mmoja na vilikuwa vya manjano vile vile, kwa hivo ile chupa ya dawa ilikuwa pesa imetupwa.

Sasa chuma kimeenda wapi? Hakijaenda popote, kipo kwenye udongo, shida ni kwamba udongo ukiwa na chokaa nyingi chuma kinageuka kuwa namna ambayo mizizi haiwezi kukinyonya. Na Amu chokaa iko kila mahali, nyumba ni mawe ya matumbawe, lipu ni chokaa, mchanga wa pwani wenyewe ni vipande vya matumbawe na makome yaliyosagika. Nilimuomba khalati ndimu. Nikachota udongo kijiko kimoja kutoka chungu cha ukutani nikauweka juu ya kigae, nikakamulia ndimu, ukachemka mapovu mpaka ukasikia sauti yake. Udongo wa chungu cha katikati ya sakafu ulitoa mapovu kidogo. Ule ukoko mweupe nje ya vyungu nao nikaujaribu, upande wa karibu na ukuta ulichemka, ule uliokuwa upande wa pili haukufanya kitu, hiyo sio chokaa, ni munyu. Bintiye khalati akabaki anakamulia ndimu kila kitu, hatta ukuta.

Ikajulikana vyungu vilijazwa mchanga wa pwani changanya na udongo, ndo desturi ya wengi. Juu ya hapo kuta za sakafu zilipigwa chokaa upya kabla ya Idi, na wapakaji hawakusogeza vyungu, walichuruzisha humo humo. Halafu ikaja CAN. Watu wengi hawajui CAN imetengenezwa kwa amonia naitreti na unga wa mawe ya chokaa, kwa mashamba ya bara yenye udongo wa asidi ni kitu kizuri sana, lakini kumtilia mti wa Amu unaolia kwa chokaa ni kumuongezea. Ilimpa rangi kidogo wiki mbili za mwanzo, khalati akafurahi akaongeza kipimo, na hapo ndo tumba zikamalizika kabisa.

Lakini chokaa peke yake haikuniridhisha. Kuta hizi ni za chokaa miaka na miaka na hizi asumini zilikuwa zinazaa. Kitu gani kimebadilika? Nikauliza habari ya maji na hapo khalati akachangamka, kwa sababu maji ndo neema mpya ya nyumba hiyo. Mwanawe anayefanya kazi Mombasa alimtilia pampu kwenye kisima cha ndani na tangi la lita 1,000 juu, na mpira wa kunyeshea. Zamani alikuwa anachota kwa kata kutoka jabia, lile tangi la kujengwa la maji ya mvua, lililo pembeni ya kiwanda, likiisha ananunua mitungi ya maji ya mfereji inayobebwa na punda, na kwa vile maji yana gharama ananyeshea kwa hisabu. Jabia sasa limewekwa magodoro ya zamani. Maji ya kisima je, wayanywa? Akanicheka. "Mai haya twakoga na twafulia, hatuyanwi, lakini mti hauna ulimi."

Nina mita ndogo ya mfukoni ya kupimia umeme wa maji, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, munyu ukiwa mwingi namba inapanda. Maji ya pampu yalisoma 3,400, hizo ni maikrosimensi kwa sentimita, kwa hisabu ya wataalamu ni desisimensi 3.4 kwa mita. Maji ya mfereji, yale yanayotoka visima vya machuguu (vilima vya mchanga) ya Shela, yalikuwa chini ya 1. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa maji ya kunyeshea, ule wa 1985 ambao mpaka leo ndo unaotumika, unasema chini ya 0.7 hakuna wasiwasi, 0.7 mpaka 3 uangalie unachopanda, zaidi ya 3 ni shida kubwa kwa mimea mingi. Na asumini sio mti mgumu wa munyu.

Hisabu niliyomfanyia khalati ndo iliyomgeuza, sio mita. Maji ya 3.4 yana kama gramu 2.2 za chumvi kwa lita. Chungu kimoja kwa ule mpira kinapata lita 3 kwa siku. Hiyo ni gramu sita na nusu kwa siku, mwezi mzima karibu gramu 200. Maji yanapanda mtini yanatoka kwenye majani yanapotea hewani, munyu hautoki, unabaki chunguni. Nikamwambia khalati, kila mwezi unakitilia kila chungu munyu unaopungua kidogo tu robo kilo. Akanyamaza, kisha akamtukana pampu.

Na kulikuwa na jambo dogo ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko yote. Kila chungu kilikuwa na kisahani chini, cha plastiki, ili maji yasichafue sakafu. Yaani hata ule munyu uliotaka kutoka kwenye tundu la chini unasubiriwa kisahanini na usiku unanyonywa tena juu. Chungu kimefungwa mlango.

Mtu ataniuliza mbona kisima hicho zamani hakikuwa na munyu hivo. Kilikuwa nao lakini kidogo. Chini ya mchanga wa kisiwa maji ya mvua hukaa yameelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ya bahari ni mazito zaidi. Kuna kanuni ya Ghyben na Herzberg wanayoitumia watu wa maji, kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Igeuze upande wa pili uone hatari: ukivuta mpaka usawa wa kisima ukashuka sentimita 10, ule mpaka wa munyu huko chini unataka kupanda kama mita 4. Ndoo na kamba huchota taratibu, maji yanarudi. Pampu inafyonza mara moja, tena mwezi wa pili katikati ya kiangazi, nyumba jirani nazo zina pampu. Ndo maana nasema mtu asipime kisima mwezi wa sita baada ya mvua akaridhika, apime kaskazi ikiwa imekauka.

Sasa matibabu. Ningeweza kufanya kila kitu kwa pamoja na mti ungepona, lakini tusingejua kipi kimeponya, na khalati hana pesa ya kufanya kila kitu milele. Visahani viliondolewa vyote siku hiyo hiyo, vyungu vikanyanyuliwa juu ya vipande vya boriti ili tundu lipumue. Vyungu viwili vilivyokuwa afadhali tukaviacha nje ya jaribio kwa sababu kulikuwa na harusi karibu na khalati alisema hizo hazichezewi. Zilizobaki 12 tukazigawa tatu tatu. Fungu la kwanza liendelee na maji ya pampu vile vile. Fungu la pili lioshwe udongo kwa maji ya mfereji na liendelee na maji hayo tu. La tatu lipewe chuma lakini maji ya pampu. La nne lioshwe na lipewe chuma na maji ya mfereji. Khalati hakukubali fungu la kwanza lipewe miti mizima, ati kwa nini aitie mikononi mwa maji mabaya, akatoa zile tatu zilizokuwa zinakaribia kufa. Kwa hivo kulinganisha na fungu hilo sio haki sana, nalisema kabisa.

Kuosha udongo sio kunyeshea kwa wingi. Ni kumwaga polepole maji matamu yanayofikia kama mara mbili ya ujazo wa chungu, chungu cha lita 20 kinataka kama lita 40, unamwaga kidogo unasubiri yapite unamwaga tena. Nilikuwa nikikinga yanayotoka chini na kuyapima. Ya mwanzo yalitoka rangi ya chai na mita ikapanda mbali kuliko maji ya pampu yenyewe, ya mwisho yakashuka karibu na ya mfereji. Tuliosha vyungu sita tu na mwenye punda akapata siku njema.

Chuma nacho kina mambo yake. Ukinunua sulfeti ya chuma ukaitia kwenye udongo wa chokaa inafungwa ndani ya muda mfupi, umelisha udongo sio mti. Kuna chuma kilichoshikiliwa na kemikali isiyokiachia, lakini hizo ziko namna namna, ile ya EDTA inayouzwa zaidi haihimili udongo wa chokaa, inayohimili ni EDDHA. Niliiagiza Nairobi, ni unga wa rangi nyekundu nyeusi, gramu 2 zayeyushwa ndani ya maji kwa chungu, unamwaga jioni manake jua linaiharibu. Na inatia doa. Sakafu ya khalati hadi leo ina duara nyekundu mahali nilipotua ndoo, na bintiye kila nikipanda ananionyesha.

Wiki ya tatu mambo yakaanza kujieleza. Fungu la chuma peke yake lilikuwa la kijani kupita yote, picha ungeipiga hapo ungesema limepona, lakini ncha zikaendelea kuungua na tumba zikaendelea kudondoka. Fungu la maji matamu peke yake ncha za majani mapya zilikuwa safi kabisa, manjano imepungua lakini ipo, na tumba za kwanza zikakaa. Fungu la vyote viwili ndo lilirudi kuwa asumini. Lile la kwanza mti mmoja ulikufa, mbili zikabaki vijiti. Kwa hivo kama mtu ana pesa ya kitu kimoja tu, basi ni maji. Chuma kinapamba, maji ndo yanazalisha. Majani yaliyokwisha kuungua hayakupona na hayatapona, watu wanakata tamaa kwa sababu wanaangalia majani hayo hayo, angalia yanayotoka baada ya matibabu.

Kisha Mei ikaja ikavuruga jaribio langu, mvua ya masika ilipiga ile sakafu siku kadhaa mfululizo, ikaosha kila chungu bure, hadi zile mbili za fungu la kwanza zikachipua. Khalati akasema, zamani kila masika miti ilikuwa ikipona yenyewe. Ndo hivo, ilikuwa inaoshwa.

Hapo nikapata nguvu ya kuzungumzia jabia. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, haihitaji kalkuleta. Sakafu yake na paa la makuti lililo upande ule haviko sawa, makuti yanatoa maji ya rangi na takataka, kwa hivo tulihesabu sakafu peke yake, mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10, ambayo masika ni kitu cha saa moja, inatoa lita 400. Magodoro yakatolewa, jabia likasuguliwa, mfereji wa maji ya sakafu ukaelekezwa humo, mvua ya mwanzo inaachwa ipotee kwanza kwa sababu inaosha chokaa na mavi ya kunguru. Vikatiwa visamaki kama vile vya birika la chooni, vile vinavyokula viluwiluwi vya mbu.

Udongo tukabadilisha chungu kimoja kimoja, sio vyote kwa siku moja. Udongo mwekundu wa bara ulikuja kwa mashua kutoka Mokowe, samadi ya punda iliyokaa mpaka haina harufu wala joto, na usumba wa nazi kushika unyevu bila kushikana. Hapa nitoe tahadhari kwa watu wa Amu hasa. Usumba ule wa kusokotea kamba, unaotokana na makumbi yaliyofukiwa topeni pwani miezi, usiutie chunguni. Umelowa bahari mpaka moyoni. Chukua makumbi makavu ya jikoni uyachambue mwenyewe, na uyaloweke maji matamu kwanza. Samadi mbichi ya punda nayo ina munyu na mbegu za magugu, punda wa mji anakula vingi.

Unyevu wa hewa unastahili neno lake. Khalati alikuwa ananyeshea magharibi kwa mpira, anarushia majani kabisa ati mti uoge. Huku kwetu usiku hewa haikauki, jani likilowa magharibi linalala limelowa. Waridi zile za Nairobi zilikuwa zimejaa madoa meusi yenye kingo za manjano, ukungu ule unahitaji jani liwe limelowa kwa muda wa kama masaa 7 tu ili uingie, na khalati alikuwa anaupa usiku mzima. Tukahamia alfajiri, maji chini kwenye shina. Asumini zikashukuru. Waridi hazikushukuru, nikamwambia khalati wazi kwamba waridi za namna hii zimezoea usiku wa baridi, hapa zitaishi kwa dawa ya kupuliza wiki baada ya wiki na bado zitatoa maua madogo yanayofifia siku ile ile. Moja akampa shemeji yake. Moja iko, amekataa kuitoa, haya.

Kuchagua miti ndo sehemu ambayo naona watu wanaikosea zaidi, wanaanza na ua wanalolitaka halafu ndo wanatafuta maji. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe ya Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1971 alijaribu aina 26, zikasimama 3 tu: mvinje, mnazi na mdamasi. Sakafu ya khalati sio machimbo, lakini matumbawe ni yale yale. Tukaigawa bustani kwa maji. Maji ya jabia ni ya asumini peke yake. Mrihani unapata ya mfereji, ni mmea wa muda mfupi, ukichoka unapanda mwingine, na ukikatwa kabla ya kutoa maua unazidi kutanda. Ya pampu hayatupwi, kuna wanaoyaweza: bogainvilia, shubiri, mhina. Bogainvilia mbili zikawekwa kwenye mapipa upande wa kusi, zile ndo ngao, upepo wa kusi unakuja na chembe za bahari na ukipiga asumini zikiwa uchi tumba zinakauka. Bogainvilia ukiibembeleza kwa maji na mbolea inakupa majani matupu, hii ya khalati inapata maji ya munyu na jua la kuchoma, imejaa maua. Na mapipa hayo nayo yana matundu chini na hayana visahani, manake hata mgumu anachoka.

Baada ya mvua tulizipogoa asumini zote kama theluthi, khalati akishika kifua. Asumini inazaa kwenye chipukizi jipya, ukiuacha mti ukarefuka bila kukatwa unapata mijiti na tumba mbili tatu nchani. Mwezi wa 10 joto liliporudi ungo ukaanza kujaa tena, sio kila siku, lakini oda za harusi anazichukua bila kuuliza kwanza mtu wa kumuazima maua.

Zimebaki zile mbili za kiwandani za mamake. Zile hazikuwahi kuwa manjano, kijani kibichi tele, wala hazikuungua, na hazitoi ua. Huo ni ugonjwa wa tatu na hauna uhusiano na hayo mengine: ghorofa ya juu ilipoongezwa jua la kiwandani likabaki kama masaa mawili ya adhuhuri, asumini yataka kama masaa sita kwa siku. Hakuna mbolea ya kubadilisha hilo. Nilishauri tuzing'oe tuweke kitu cha kivuli, nikajibiwa kwa macho tu. Tukakubaliana kuchukua vipandikizi, vijiti vya urefu wa kiganja visivyo vichanga sana wala vikavu, majani ya chini yametolewa, vikakaa kwenye kivuli ndani ya mchanga uliooshwa na kufunikwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Vinne vimeshika, kimoja kimekaa mahali pa ule mti uliokufa.

Hisabu ya kiangazi kinachokuja ni hii: tuseme vyungu 15, mara lita 2 mara siku 90 ni lita 2,700, na jabia likijaa linapita hapo. Mwanawe alipiga simu anataka kuunganisha pampu na jabia ili lisiwe linakauka. Khalati amekataa, amemwambia atakaetia mai ya kisima humo watatetana. Pampu imebaki kwa choo, kufua na bogainvilia, na mita nimemuachia bintiye apime kisima kila mwanzo wa mwezi aandike ukutani kwa makaa.